Alama ya Arobaini

Mtungi ulikuwa mtupu. Juu ya hilo hapakuwa na ubishi.

Inspekta aliuzungusha kwa ncha ya kiatu mpaka namba iliyochongwa shingoni ikatokea, akailinganisha na ile iliyomo kwenye faili, kisha akaipigia mstari kwa rula. Kituoni walimwita Rula. Walidhani hajui.

"Tumeshailinganisha mara tatu, Afande," Koplo alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, bega moja ndani, bega moja kwenye mvua.

"Basi ya nne haitatuua."

Stoo ya wazamiaji ilikuwa chumba cha zege nyuma ya gati, chenye paa la bati na harufu ya mpira usiokauka. Suti nyeusi kumi na mbili zilining'inia ukutani. Moja ilikuwa na karatasi ya polisi kifuani. Pembeni ilikaa kompresa ya kujazia hewa, nayo imefungwa kwa utepe. Kando yake, juu ya kreti iliyopinduliwa, alikaa binti wa marehemu.

Jumapili, saa tatu asubuhi, watu sita wa kikundi cha kujitolea walikuwa wametoka na boti kwenda kuhesabu matumbawe kwenye mwamba, kama walivyofanya kila mwaka kwa miaka kumi na mmoja. Walizama wawili wawili. Mmoja wao, mwalimu mstaafu wa jiografia, hakupanda. Alipatikana baada ya saa mbili, mkondo umemsogeza mbali na mstari wa kazi, mtungi wake hauna hata pumzi moja. Binti yake ndiye aliyekuwa akijaza mitungi ya kikundi na kutunza geji zake za kupimia hewa. Sasa ilikuwa Ijumaa. Saa sita mchana faili lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa la binti huyo. Kosa: kusababisha kifo cha baba yake kwa uzembe.

"Geji ya mtungi huu uliibadilisha lini?" Inspekta aliuliza.

"Wiki mbili kabla. Kioo cha ile ya zamani kilikuwa kimeingia ukungu."

"Uliijaribu?"

"Kwenye mtungi uliojaa, kwenye nusu, kwenye mtupu. Ilisema kweli mara zote."

"Hapa juu. Na chini ya maji?"

"Mimi sizami, mama. Maji yangu yanaishia kiunoni. Baba alikataa. Alisema nyumba moja haihitaji wendawazimu wawili."

Koplo alikohoa kidogo. Binti hakutabasamu.

"Wewe unaamini geji ilikuwa nzima?"

Binti alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa na grisi ya siku tano zilizopita kwenye kucha. "Ningekuwa naamini, ningelala."

Inspekta aliandika jibu hilo kama lilivyo. Halikuwa ushahidi, lakini alikuwa na desturi ya kuandika kila kitu kwanza na kuchagua baadaye.

Ushahidi ulikuwa vibao viwili. Kila mzamiaji hushuka na kibao cheupe cha plastiki na penseli, na juu ya mwamba hutandazwa utepe wa kupimia wa mita hamsini. Kila baada ya mita kumi kuna alama nyekundu. Kati ya alama na alama mzamiaji anaandika anachokiona: tumbawe hai, tumbawe mfu, mwani, mchanga. Kwenye alama yenyewe anaandika namba moja zaidi, kwenye safu ya pembeni iliyoandikwa HEWA. Mtungi uliojaa husoma mia mbili. Sheria ya kikundi ni kwamba mmoja akifika sabini, wote wawili wanapanda.

Kwenye kibao cha Mwalimu, safu ya hewa ilisema: 200, 185, 172, 160, 148. Namba ya mwisho ilikuwa kwenye alama ya arobaini. Mtu mwenye mia na arobaini na nane hawezi kuishiwa hewa ndani ya mita kumi. Kwa hiyo geji ilimdanganya. Kwa hiyo aliyeifunga geji ana kesi ya kujibu. Mtaalamu wa vifaa alikuwa ameandika kwamba mezani geji inafanya kazi vizuri, ila "haiwezekani kukataa" kwamba chini ya maji iliganda. Mkuu wa kituo aliridhika na sentensi hiyo. Inspekta aliisoma akaona ni sentensi ya mtu anayetaka kwenda nyumbani.

"Mtungi ukirudi kutoka baharini," alimwuliza binti, "unaufanya nini?"

"Naupima. Naandika kilichobaki, mwenyewe anasaini."

"Jumapili pia?"

"Jumapili pia. Anko Daktari, aliyezama na baba, alishuka kwenye boti anatetemeka, ananiuliza baba ameonekana, baba ameonekana? Nami nikamfungulia daftari nikampa kalamu. Sijui kwa nini. Mkono ulifanya wenyewe."

"Na yeye?"

"Akasaini."

Daftari lilikuwa kwenye rafu, nyuma ya kopo la misumari. Hakuna askari aliyeligusa. Mtungi namba saba, Daktari, umerudi na 115. Saini ilikuwa imepinda, lakini ilikuwa saini.

Inspekta alifungua faili kwenye picha ya kibao cha pili, cha Daktari, aliyekuwa mwenzake Mwalimu siku ile. Safu ya hewa: 200, 165, 125, 85, 45. Kwenye alama ya hamsini, hakuna kitu. Wapelelezi walikuwa wameipa maelezo ya huruma: Daktari alipotezana na mwenzake kwenye alama ya ishirini, akahema kwa hofu, hewa ikamwishia haraka.

"Kwenye mita ya arobaini alikuwa na arobaini na tano," Inspekta alisema taratibu. "Akafika juu na mia na kumi na tano."

Koplo aliingia ndani mzima mzima. "Hiyo hesabu mbona inarudi kinyumenyume?"

"Mtungi unaweza kujazwa kwenye boti?"

"Kompresa ni hii tu," binti alisema.

"Daftari ni la mtuhumiwa, Afande," Koplo alinong'ona. "Anaweza kuandika anachotaka."

"Saini si ya mtuhumiwa. Na kama ni kudanganya, angedanganya juu ya mtungi wa baba yake. Huu wa Daktari haumsaidii chochote." Alifunga faili. Saa yake ilisema tatu na robo. "Ni nani anayevisoma vibao hivi baada ya kuzama?"

*

Katibu wa kikundi alikuwa na duka la dawa kwenye barabara ya pili kutoka gatini, duka jembamba lenye kaunta ya kioo na mizani ya kupimia watoto. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmerudisha ndoo yangu?"

"Ndoo gani?"

"Ya vibao. Askari wako waliichukua Jumapili, wakanipa risiti ya kuandikwa na kuku. Kila mtu akipanda kwenye boti anatumbukiza kibao ndooni kabla hajavua hata suti. Ndipo mimi naketi, nanakili, nasugua vibao kwa dawa ya meno kwa ajili ya safari ijayo. Miaka kumi na mmoja."

"Jumapili Daktari alitumbukiza chake?"

"Alitumbukiza. Watu wanalia, mwenzake hajaonekana, naye anafungua kamba mkononi na kutumbukiza. Niliona." Alisita. "Usimhukumu kwa hilo. Sisi tumezoezwa hivyo."

Mteja aliingia akitaka dawa ya kikohozi. Katibu alimhudumia bila haraka, akamwelekeza vijiko, akamuaga. Inspekta alisubiri. Kisha akaweka picha mbili kwenye kaunta, ubavu kwa ubavu.

"Nisomee, mama. Kama unavyosoma siku zote."

Katibu alishusha miwani ya kichwani, akapandisha ya machoni. "Hiki cha Mwalimu. Tumbawe hai, mfu, mfu, mchanga, mfu. Mwandiko wake huu, kama wa ubaoni. Hewa ya Daktari, mia mbili, mia na themanini na tano, mia na..."

"Ngoja. Hewa ya nani?"

"Ya Daktari."

"Kibao ni cha Mwalimu."

"Kibao cha Mwalimu, hewa ya Daktari." Katibu alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza kama dawa ya kunywa inapakwa. "Hakuna anayejiandikia hewa yake, mwanangu. Mtu akichoka kule chini husoma anachotaka kusoma. Kwa hiyo unaishika geji ya mwenzako kwa mkono wako, unaisoma, unaiandika. Naye anaandika yako."

Mvua iliongeza kasi juu ya kibaraza. Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Mbona hukusema?" Inspekta aliuliza.

"Nimwambie nani? Mlikuja, mkabeba ndoo, mkaondoka. Hakuna aliyeniuliza namba ni za nani. Hata sasa umeniuliza kwa bahati."

Hilo lilikuwa kweli, na Inspekta alilimeza. Aligeuza faili, akachukua rula na kuvuta mishale miwili iliyopishana: namba za kibao hiki kwa jina la yule, za kibao kile kwa jina la huyu. Kila kitu kikakaa mahali pake. Daktari: 148 kwenye alama ya arobaini, 115 kwenye stoo. Mwalimu: 200, 165, 125, 85, 45, kisha mtungi mtupu. Hapakuwa na geji iliyoganda. Palikuwa na mzee aliyekuwa akihema kwa nguvu kuliko mwenzake, na geji iliyosema hivyo kila baada ya mita kumi.

"Mwalimu alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa na kifua. Alhamisi alinunua dawa hapa. Nikamwambia Jumapili abaki boti, akaniambia mstari wa kumi na mbili wa kuhesabia hauna mtu mwingine." Katibu alivua miwani yote miwili. Alikuwa amesoma namba za kibao cha pili. "Arobaini na tano," alisema. "Daktari aliandika arobaini na tano, akaendelea?"

Inspekta alimwomba aandike maelezo ya desturi ile kwa mkono wake na kuyasaini.

*

Kliniki ya meno ilikuwa ghorofani. Daktari alikuwa ameahirisha wagonjwa wa asubuhi. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu madogo, karibu na kile kikubwa cha kulaza watu, mikono ameifunga magotini. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini, nadhifu, ndevu zimekatwa kwa mstari. Juu ya meza kulikuwa na taya la plasta, meno yote kumi na sita.

"Nilidhani mmemaliza," alisema.

"Karibu. Nataka kuhakiki maelezo yako ya kwanza. Mlipotezana wapi?"

"Alama ya ishirini. Maji yalichafuka. Nikageuka, sikumwona. Nikadhani amepanda."

"Sheria yenu inaruhusu mtu kupanda peke yake?"

"Hapana. Lakini nilidhani hivyo."

"Ulimwona tena baada ya alama ya ishirini?"

"Hapana."

"Hata kwa mbali?"

"Hapana, Inspekta."

Koplo aliandika. Inspekta aliweka picha ya kibao chake juu ya meza, karibu na taya.

"Nani aliandika hiki?"

"Mimi."

"Chote?"

"Chote."

"Hii arobaini na tano, kwenye alama ya arobaini. Ni hewa ya nani?"

Daktari aliigeuza picha imwelekee.

"Yangu," Daktari alisema.

Inspekta aliweka picha ya daftari la stoo pembeni yake. "Mtungi wako ulirudi na mia na kumi na tano. Hiyo ni saini yako."

Daktari aliitazama saini kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuitambua. Chini, barabarani, gari lilipita na kurusha maji ukutani.

"Umezungumza na Katibu," alisema.

"Leo asubuhi. Niulize tena swali langu, au unalikumbuka?"

"Nalikumbuka." Aliondoa mikono magotini, akaitazama, akairudisha. "Ni yake. Mwalimu."

"Uliishika geji yake kwa mkono wako."

"Ndiyo."

"Kwenye mita ya arobaini."

"Ndiyo."

"Basi tuanze upya. Koplo, ukurasa mpya."

Alieleza kwa mpangilio, kama anayemweleza mgonjwa jino gani litang'olewa. Mwezi ujao kamati ingeamua kama mfereji wa meli kubwa uchimbwe kupitia mwamba ule. Kamati ilikubali kupokea hesabu ya kikundi, kwa sharti kwamba mistari yote kumi na miwili iwe imekamilika ndani ya msimu mmoja, kama miaka yote. Jumapili ilikuwa siku ya mwisho ya msimu. Mistari kumi na mmoja ilikuwa tayari. Wa kumi na mbili ukikatika, yote ni karatasi za kufungia vitumbua.

"Kwa hiyo ulimwona ana arobaini na tano."

"Zilibaki mita kumi. Dakika nne."

"Alikuonyesha ishara?"

"Kidole gumba."

"Maana yake?"

"Tupande."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya kwanza baada ya alama ya thelathini. Ya pili pale pale, kwenye arobaini."

"Ukajibu nini?"

Daktari aliinua kiganja, vidole juu, akakiacha hewani. Subiri.

"Kisha?"

"Nikageukia utepe. Nilikuwa nahesabu. Ukiwa unahesabu huoni kingine, hivyo ndivyo unavyotakiwa kuhesabu. Nilipofika hamsini nikageuka nisome geji yake. Hakuwepo." Kiganja kilikuwa bado juu. Alikishusha. "Hilo la ishirini nililisema kwenye boti, sijui hata kwa nini nilichagua ishirini. Halafu likaandikwa."

"Na mliposikia geji ndiyo inayolaumiwa?"

"Nilidhani itaonekana ni nzima, kesi itakwisha yenyewe."

"Umesoma jina lililo kwenye faili?"

"Nimembeba yule mtoto begani," Daktari alisema. "Ananiita anko."

"Nimeuliza kama umelisoma."

"Nimelisoma."

"Kwa nini Mwalimu hakupanda mwenyewe?"

"Hapandi mtu peke yake. Ni sheria ya kwanza ya kikundi." Alisukuma taya la plasta likagusana na ukuta. "Niliiandika mimi."

Inspekta alimpa maelezo ayasome. Aliyasoma yote, akasahihisha tarakimu moja, akasaini. Mara hii saini haikupinda. Alipoinuka kuchukua koti aliuliza, bila kumtazama yeyote, kama mstari wa kumi na mbili utahesabika.

"Hilo si swali la polisi," Inspekta alisema.

*

Saa tano na nusu walirudi stoo. Binti alikuwa palepale kwenye kreti. Hakuna aliyekuwa amemwambia asimame. Inspekta alimweleza kwa sentensi saba, kwa utaratibu uleule alivyoyapata: daftari, ndoo, desturi, Daktari. Hakuongeza neno la kufariji, kwa kuwa hakuwa nalo lililo la kweli.

"Kwa hiyo geji ilikuwa nzima," binti alisema.

"Ilikuwa nzima."

"Jina langu linatoka."

"Limeshatoka."

Binti alitikisa kichwa kukubali. Koplo, aliyetegemea kuona mtu akishusha pumzi, aliinamisha macho.

"Basi aliiona," binti alisema. "Kama ilikuwa nzima, baba aliiona."

"Aliiona."

"Mpaka mwisho."

"Ndiyo."

Mvua ilikuwa imepungua. Ilisikika moja moja kwenye bati. Binti aliomba kuona kibao cha baba yake. Utaratibu haukuruhusu kukishika, lakini kukitazama ndani ya mfuko wa plastiki haukukataza, na Inspekta alikitoa kwenye kasha akakishikilia mbele yake. Mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima mpaka mstari wa mwisho. Binti alishuka na kidole juu ya plastiki, bila kugusa, mpaka namba ya chini kabisa.

"Hii si yake."

"Ni ya Daktari. Baba yako aliisoma, akaiandika."

"Baada ya kuonyesha kidole?"

"Kwenye alama ileile."

Binti hakuwahi kuzama, lakini alikuwa amejaza mitungi kwa miaka sita, na hesabu za hewa alizifanya kama wengine wanavyofunga vifungo.

"Walikuwa mita ngapi chini?"

"Kumi na nane."

"Kupandisha watu wawili wanaohema kwa mtungi mmoja kutoka kumi na nane, taratibu, bila haraka, ni hamsini." Kidole kilikuwa bado juu ya mia na arobaini na nane. "Mtungi wa Anko ungewatosha wote wawili, na zingebaki tisini na nane. Baba alilijua hilo. Ndiye aliyenifundisha."

Inspekta alirudisha kibao kwenye kasha, akafungua faili kwenye ukurasa wa mwisho na kuandika: 98. Kisha akatafuta rula, akaipigia mstari.